Kutunza Mimea ya Bustani na ya Ndani Wakati wa Kipupwe: Mwongozo Kamili kwa Wakazi wa Nyanda za Juu Kusini

Katika Njombe, Makete, Mufindi na milima ya Mbeya, baridi haiji kama ile ya Ulaya, ambako ardhi huganda kwa majuma kadhaa na jua huzama kabla ya saa kumi jioni. Kwetu, hata katikati ya Juni, mchana huchukua muda wa saa 11 na nusu hivi, na jua la adhuhuri huweza kumfanya mtu avue koti aliloshinda nalo tangu alfajiri. Kisha usiku mmoja anga hutakata, upepo hutulia, na kunapopambazuka kiwanja kizima kimevaa weupe. Kwa hiyo adui wa bustani zetu si majira marefu ya giza, bali ni usiku mmoja, miwili au mitano iliyojificha kati ya Juni na Agosti. Mmea wa Ulaya hupata muda wa kupukutisha majani na kulala. Wetu hupashwa joto kila mchana, ukaendelea kuchipua, na baridi huukuta ukiwa laini. Ndiyo sababu ushauri mwingi ulioandikwa kwa ajili ya nchi za kaskazini, ukifuatwa neno kwa neno huku, huweza kuleta hasara, kama nitakavyoonyesha katika suala la matandazo.

Mwongozo huu unafuata mpangilio wa wakati, kuanzia maandalizi ya Aprili hadi vyungu vinaporudishwa nje Septemba. Maelezo yake yatawafaa pia wakazi wa nyanda nyingine za juu zenye usiku wa aina hii, ila miezi itapaswa kurekebishwa.

Kwanza, elewa namna sakitu inavyotokea

Sakitu, ambayo mitaani tunaiita tu barafu, haianguki kutoka mbinguni kama mvua. Mchana ardhi hunywa joto la jua, na usiku hulitoa kuelekea juu. Mawingu yakiwapo hurudisha sehemu ya joto hilo, na upepo ukivuma huchanganya hewa ya chini na ile ya juu iliyo na uvuguvugu. Anga likiwa wazi na hewa ikitulia, joto hupotea bila kizuizi. Jani, kwa kuwa ni jembamba na limetazama anga, hupoa kuliko hata hewa inayolizunguka. Ndiyo maana kipimajoto kilichotundikwa ukutani kwa urefu wa kifua kinaweza kuonyesha nyuzijoto 3 wakati nyasi zimekwisha kuwa nyeupe.

Jambo la pili la kukumbuka ni kwamba hewa baridi ni nzito. Huteremka kwenye mteremko kama maji, taratibu, na kutuama pale inapokuta kizuizi au shimo. Wenye vinyungu wanalijua hili kwa uchungu. Tunalima mabondeni wakati wa kiangazi kwa sababu ndiko unyevu ulikobaki, na bonde hilohilo ndilo dimbwi la hewa baridi. Mtu aweza kupoteza maharage yote ya kinyungu chake huku ya jirani, aliyelima hatua mia moja juu yake, yamesimama bila jani moja kuungua.

Aprili na Mei: soma kiwanja chako

Kabla ya kununua chochote, zunguka kiwanja asubuhi kadhaa mapema na uangalie umande mzito unakaa wapi na unachelewa kukauka wapi, kwa kuwa hapo ndipo sakitu itakapoanza. Weka kijiti cha alama. Kama una ua wa michongoma au ukuta upande wa chini wa mteremko, tambua kwamba umejenga bwawa la hewa baridi bila kukusudia. Fungua upenyo chini ya ua huo, hata wa upana wa mlango, ili hewa ipite na kuendelea na safari yake bondeni. Kazi hii ni ya nusu siku na haina gharama, nami ningeiweka mbele ya vifuniko vyote vitakavyotajwa hapa.

Mimea isiyostahimili baridi ihamishiwe, kama inawezekana, karibu na ukuta wa matofali unaotazama kaskazini. Njombe iko kusini mwa ikweta, na mwezi wa Juni jua letu hupita upande wa kaskazini wa anga. Ukuta wa upande huo hupigwa na jua mchana kutwa, ukahifadhi joto na kulitoa usiku. Ukuta wa kusini hukaa kivulini msimu mzima. Vilevile, mche uliopandwa chini ya matawi mapana ya mgrevilea hupona mara nyingi kuliko ule ulio wazi, kwa sababu matawi hufanya kazi ya mawingu.

Panga nini kipandwe na nini kisubiri

Kabichi, sukuma wiki, karoti, vitunguu saumu na chainizi huvumilia sakitu ya kawaida, na njegere pia, ingawa maua yake na maganda machanga huharibika kwa urahisi kuliko majani. Nyanya, pilipili hoho, maharage, matango, maboga, mchicha na viazi vitamu havivumilii kabisa. Viazi mviringo viko katikati: majani huungua, lakini kama mimea ilikuwa imekwisha kutia viazi chini, mavuno hupungua tu badala ya kupotea yote. Migomba huacha kukua muda mrefu kabla ya sakitu kufika, kwa hiyo usiitie maji mengi ukidhani ina kiu. Mipichi, miplamu na mitufaha, kwa upande wake, inahitaji baridi hii ili machipukizi yake yafunguke vizuri baadaye. Iache kama ilivyo.

Kwa mimea dhaifu, njia salama ni kuhesabu siku. Maharage yapandwe mapema, yawe yamekomaa kabla ya Juni, au yasubiri hadi baridi ivunjike. Miche ya nyanya inaweza kulelewa kitaluni mwezi wa Agosti, mahali unapoweza kuifunika kila jioni, na kuhamishiwa shambani Septemba.

Mbolea ya kukuzia, iwe urea au CAN, ikome mwanzoni mwa Mei kwa mimea yote itakayovuka kipupwe. Naitrojeni iliyomo humo huchochea majani mapya yaliyojaa maji, na hayo ndiyo ya kwanza kuganda. Kupogoa kusimamishwe pia katika kipindi hicho, kwa sababu kila tawi linalokatwa hualika machipukizi.

Maji na matandazo

Kipupwe chetu huambatana na ukame. Mvua huwa zimekoma, hewa ni kavu, na mmea wenye kiu huumia zaidi baridi inapokuja. Udongo wenye unyevu hupokea joto jingi mchana na kulipandisha juu usiku, ilhali udongo mkavu uliotifuliwa hushika hewa katikati ya chembe zake na joto halipiti. Kwa hiyo mwagilia, lakini chagua saa. Ukimwaga maji jioni unaupoza udongo ulio karibu na majani, na jua halipati nafasi ya kuupasha. Saa nzuri ni kati ya saa nne asubuhi na saa saba mchana, maji yaelekezwe kwenye udongo na si juu ya majani, na udongo ulowe kwa kina cha kiganja. Usilimie kwa jembe wiki ambayo unatarajia baridi kali. Acha ardhi iwe imeshikana.

Sasa suala la matandazo. Katika nchi ambazo ardhi huganda, watu hurundika nyasi na majani makavu ili kulinda mizizi, na ushauri huo umeenea hadi kwetu. Lakini mizizi yetu haiko hatarini. Ardhi ya Njombe haigandi kwa kina. Kilicho hatarini ni majani, nayo hutegemea joto linalotoka ardhini usiku. Tandazo nene juu ya tuta la miche ni blanketi lililowekwa upande usiotakiwa: huzuia jua kupasha udongo mchana, na huzuia joto kupanda usiku. Sisemi matandazo yaachwe, maana bila hayo unyevu wa kiangazi hautunziki. Ninachoshauri ni kuyasogeza pembeni, ili mstari wenye miche dhaifu ubaki wazi upana wa mikono miwili, na kuyarudisha msimu wa sakitu ukipita. Kwa miti mikubwa ya matunda na kwa kabichi, yaache yalipo.

Usiku wenyewe: dalili na vifuniko

Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania hutoa mwelekeo wa kipupwe kwa kipindi cha Juni hadi Agosti pamoja na utabiri wa kila siku, na ni vizuri kuufuatilia. Hata hivyo, utabiri huzungumzia mkoa au wilaya, na bonde lako lina tabia zake. Toka nje saa moja jioni. Kama mchana ulikuwa mkavu na wa buluu, kama majani ya mgomba hayatikisiki, kama nyota zinaonekana zote hadi zile ndogo, na hasa kama moshi wa majiko ya majirani haupandi bali umelala juu ya bonde kama shuka, basi andaa vifuniko. Mimi huweka kipimajoto cha bei nafuu kwenye kijiti, kwa urefu wa jani la nyanya. Kikisoma nyuzijoto 5 au chini yake ifikapo saa tatu usiku, nyota zikiwa wazi, siendi kulala kabla ya kukagua kila tuta.

Lakini kwa kweli kufunika kusisubiri saa moja wala saa tatu; saa hizo ni za ukaguzi tu. Kifuniko hakizalishi joto, kinalinasa tu lile linalotoka ardhini. Mwezi wa Juni jua letu huzama karibu saa kumi na mbili na nusu, kwa hiyo kazi ianze saa kumi na moja jioni, wakati udongo bado una uvuguvugu.

Simika fito au mianzi kwanza, kisha tandaza kitambaa juu yake: shuka kuukuu, kitenge chakavu, gunia la katani, neti ya kivuli iliyokunjwa mara mbili. Pindo zifike chini pande zote na zikandamizwe kwa mawe. Kosa ninaloliona mara nyingi ni kuuvika mti kitambaa na kukifunga shinani kama mtu afungavyo mdomo wa gunia. Hapo joto la ardhi linabaki nje, na kifuniko kinakuwa pambo.

Nailoni itumike kwa tahadhari kubwa. Msimu mmoja nilikosa shuka za kutosha nikafunika nusu ya nyanya zangu kwa karatasi ya nailoni, nikiilaza moja kwa moja juu ya mimea. Asubuhi, kila jani lililogusa nailoni lilikuwa limeloa na kugeuka kijani cheusi, kama mboga iliyochovywa katika maji ya moto. Majani yaliyokuwa upana wa vidole viwili tu chini yake yalikuwa hai. Niliweza kuufuata mkunjo wa nailoni kwa macho kutoka mche hadi mche, kana kwamba mtu ameuchora kwa mkaa. Nailoni huachia joto lipite kirahisi, na baridi yake huhamia kwenye kilichoigusa. Kama huna kitu kingine, ijengee fremu isiguse mmea, na uitoe mapema asubuhi, kwa maana jua likiikuta bado imefunikwa hupika miche.

Miche midogo ya kitaluni inaweza kufunikwa kwa chupa za maji za lita moja na nusu zilizokatwa kitako. Vizibo vifungwe usiku na vifunguliwe asubuhi. Ndoo ya lita 20 iliyojaa maji, ikishinda juani na kuwekwa chini ya kifuniko pamoja na mimea, huongeza joto kidogo usiku kucha.

Miche ya parachichi inastahili aya yake, kwa kuwa wengi wetu tumeweka fedha huko. Mche wa Hass, aina ya parachichi inayobebeshwa juu ya mzizi wa kienyeji, wa mwaka wa kwanza au wa pili huanza kuumia joto likishuka chini ya sifuri kidogo tu. Zungushia shina nyasi kavu, kuanzia ardhini hadi kiganja kimoja juu ya mahali ulipobebeshwa, na uzifunge kwa kamba ya mgomba. Ukipoteza sehemu ya juu lakini shina lililo juu ya kiungio likabaki hai, chipukizi litakalotoka litakuwa Hass. Shina likifa hadi chini ya kiungio, kitakachochipua ni mparachichi wa kienyeji uliotumika kama mzizi, nawe waweza kuulea miaka mitatu ndipo utambue kosa. Nyasi hizo zikaguliwe kila wiki, kwa sababu panya na mchwa hupenda kujificha humo.

Kuhusu moto: kuchoma takataka au matairi ili moshi uzibe anga hakusaidii, kwani moshi hauzuii joto kupotea jinsi mawingu yanavyofanya, na moshi wa matairi ni sumu kwa wanaouvuta. Kama ni lazima kuwasha, basi vimoto vidogo vingi vya kuni kavu vilivyotawanyika hupasha kiwanja kuliko moto mmoja mkubwa, ambao hurusha hewa yake ya moto juu na kuvuta ya baridi kutoka pembeni. Wala usiache moto bila mlinzi wakati nyasi za milimani zimekauka.

Asubuhi inayofuata

Ubaridi mkali zaidi huja karibu na jua kuchomoza, ambalo kwetu Juni ni karibu saa moja asubuhi, kwa hiyo usifunue saa kumi na mbili ukidhani hatari imepita. Subiri weupe uyeyuke, yaani hadi kama saa tatu. Usipite katikati ya matuta kabla ya hapo. Jani lililoganda huvunjika likiguswa. Watu wengine hunyunyiza maji kwenye majani alfajiri. Mbinu hiyo hufanya kazi pale tu maji yanaponyunyizwa kwa mfululizo, kuanzia kabla ya sakitu hadi barafu yote iyeyuke, kwa sababu maji hutoa joto yanapoganda. Keni moja ya maji iliyomwagwa na kuachwa hupoza zaidi.

Siku ya pili utaona madhara kamili: majani yamelegea, yamekuwa meusi, kisha yanakauka. Hapa mkono wa mkulima huwashwa kutaka kukata. Zuia panga. Majani yaliyokufa hufunika yale yaliyo chini yake usiku unaofuata, na katika wiki ya kwanza haiwezekani kujua tawi limekufa hadi wapi. Kwa parachichi na mawaridi, subiri hadi machipukizi mapya yajionyeshe yenyewe, kisha kata juu yake. Mti uliopoteza majani yote upakwe chokaa iliyochanganywa na maji kwenye shina na matawi makubwa, kwani gome lililozoea kivuli huungua kwa jua la mchana. Mwagilia kwa kiasi kidogo kuliko kawaida, maana mti usio na majani hautumii maji mengi. Mboga za majani zilizoungua zing'olewe tu na kupelekwa kwenye mboji.

Mimea ya ndani

Ndani ya nyumba sakitu haiingii, na kwa kuwa mchana wetu haufupiki sana, mwanga si tatizo kubwa pia. Kinachoua maua ya ndani kipupwe ni maji. Udongo wa chungu uliopoa hadi nyuzijoto 10 haukauki upesi, mizizi haivuti, na mwenye nyumba anaendelea kumwagilia kila Jumamosi kama alivyofanya Februari. Majani ya chini yakianza kugeuka manjano, yeye huongeza maji.

Mwishoni mwa Mei, kabla ya kuingiza vyungu vilivyokuwa kibarazani, geuza kila jani. Vidung'ata wenye unga mweupe hujificha kwenye maungio ya majani, na utitiri huacha vitone vidogo vya manjano pamoja na utando mwembamba. Osha majani kwa maji yenye sabuni kidogo ya kipande, suuza, na utenge mimea yenye wadudu kwa wiki mbili, la sivyo utakuwa umewakaribisha sebuleni.

Viweke karibu na dirisha la kaskazini, ambalo msimu huu ndilo lenye jua. Usiku, jani lisiguse kioo, na chungu kisibaki kati ya pazia na dirisha, kwa sababu pazia hukitenga na joto la chumba. Sakafu ya saruji ni baridi kuliko inavyoonekana. Kipande cha ubao au boksi lililokunjwa chini ya chungu hutosha.

Kabla ya kumwagilia, ingiza kidole hadi kiungo cha pili. Ukihisi ubichi, acha. Bora zaidi, jifunze uzito: inua chungu siku uliyokimwagilia na siku kilipokauka kabisa, na baada ya mara tatu au nne mkono wako utajua wenyewe. Alovera na sanseviera, ambayo ni jamaa wa mkonge, zinaweza kukaa wiki tatu hadi sita bila tone. Ua litambaalo lenye majani ya umbo la moyo, ambalo wengi huliotesha ndani ya chupa ya maji, litakuwa sawa likimwagiliwa kila baada ya siku kumi hivi. Maji yawe yamekaa ndani ya nyumba tangu jana yake, kwa maana maji ya bomba ya alfajiri hushtua mizizi. Yakichuruzika kwenye kisahani, yamwage baada ya nusu saa.

Jiko la mkaa halipaswi kuwa chombo cha kupasha chumba kilichofungwa, na hapa sizungumzii maua. Mkaa hutoa hewa ya kaboni monoksidi, isiyo na rangi wala harufu, nayo huua watu usingizini. Kama jiko linawashwa, dirisha liwe wazi, na jiko litolewe nje kabla ya kulala. Kwa upande wa mimea, joto kavu la jiko hukausha ncha za majani. Chungu kiwe mbali nalo angalau hatua tatu. Vumbi na masizi yafutwe kwa kitambaa chenye unyevu kila baada ya wiki mbili. Usitie mbolea, na usihamishe mmea kwenda chungu kikubwa. Udongo mwingi usio na mizizi hubaki na maji mengi zaidi.

Mwezi wa Septemba, usiku unapokuwa na uvuguvugu kwa wiki mbili mfululizo, vyungu vitoke nje kwa hatua. Siku nne za kwanza vikae kivulini chini ya mti, siku nne nyingine vipate jua la asubuhi pekee, ndipo virudi mahali pake pa kawaida. Mbolea isubiri hadi jani jipya la kwanza lifunguke lote, na kipimo cha kwanza kiwe nusu ya kile unachotumia wakati wa mvua.